Maisha ya Bibi Marie Curie

Wengi wenu mmesikia jina la Shinkolobwe. Ni mahali karibu na Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga, kwenye upande wa kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Mwaka 1915 Mwingereza mmoja mtafuta madini, jina lake Robert Sharp, aliona mahali hapo mawe mazito yenye rangi ya manjano na ya kijani. Mawe hayo yalikuwa na madini ya uraniamu. Na ndani ya uraniamu hujificha kitu kingine, kichache mno, nacho huitwa radiamu. Katika tani tatu za uraniamu hupatikana gramu moja tu ya radiamu. Basi wafanyakazi wa Katanga waliyachimba mawe hayo, wakayachagua kwa mikono, wakayatia katika magunia, yakasafirishwa mpaka Ubelgiji. Huko Olen, mwaka 1922, kiwanda kilitoa gramu za kwanza za radiamu ya Kongo.

Kwa nini watu wajisumbue hivyo kwa ajili ya gramu chache? Kwa sababu siku zile waganga wa hospitali duniani kote waliitafuta radiamu ili kutibu kansa, ndiyo saratani. Na mtu aliyeigundua radiamu, kisha akawafundisha wengine kuitumia, alikuwa mwanamke. Leo tutasimulia maisha yake.

Alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867, katika mji wa Warsaw, nchi ya Polandi. Wazazi wake walimwita Maria. Jina la ukoo lilikuwa Skłodowska. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu na wa elimu ya maumbile. Mama alikuwa msimamizi wa shule ya wasichana. Nyumba yao haikuwa na mali, lakini ilikuwa na vitabu. Tena nchi yao haikuwa huru. Ilitawaliwa na Warusi, nao walikataza watoto wasifundishwe shuleni kwa lugha ya mama zao. Watu wazima katika Kongo watafahamu upesi maana ya jambo hilo.

Maria alijua huzuni tangu utoto. Alikuwa na miaka minane tu alipofiwa na dada yake mkubwa, Zofia, aliyepatwa na ile homa kali inayoenezwa na chawa. Miaka miwili baadaye mama yake alikufa kwa kifua kikuu. Mama huyo alikuwa Mkatoliki mwenye sala nyingi. Hatutaficha jambo moja: baada ya vifo hivyo imani ya Maria ilipoa, na katika utu uzima wake hakushika tena desturi za dini. Hatuandiki basi maisha ya mtakatifu. Twaandika habari za mtu aliyewatumikia wagonjwa kwa nguvu zake zote, na kazi hiyo yaonekana wazi kwa kila mtu.

Alipomaliza shule alipewa nishani ya dhahabu, lakini chuo kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake. Dada yake Bronya naye alitamani kuwa mganga. Basi wale ndugu wawili wakapatana hivi: Bronya atangulie kwenda Paris kusoma, naye Maria afanye kazi ya kulea na kufundisha watoto wa matajiri, na kumpelekea dada yake sehemu ya mshahara, kisha, Bronya akiisha kupata kazi, amwite Maria. Maria alishika ahadi hiyo kwa muda wa miaka sita karibu. Na katika shamba alikofanya kazi aliona watoto wa wakulima wasiojua kusoma hata jina lao. Jioni, baada ya kazi, aliwakusanya chumbani mwake akawafundisha kusoma na kuandika lugha yao. Jambo hilo lilikatazwa na serikali. Kama lingalijulikana, angaliadhibiwa vikali. Kwa maoni yangu, mwalimu wa wauguzi tutakayemwona baadaye alianza kazi yake hapo, mbele ya watoto wale.

Baadaye Bronya alimwita. Mwaka 1891 Maria akapanda gari la moshi la nauli ndogo, akafika Paris, akaandikishwa katika chuo kikuu cha Sorbonne. Alipanga chumba kidogo darini. Wakati wa baridi maji yaliganda ndani ya beseni, naye alilala akiwa amejifunika nguo zake zote. Chakula chake kilikuwa mara nyingi mkate na chai, hata siku moja akazimia kwa njaa. Lakini mwaka 1893 alikuwa wa kwanza katika mtihani wa elimu ya maumbile, na mwaka 1894 wa pili katika hesabu. Mwaka 1895 aliolewa na Pierre Curie, mtaalamu Mfaransa, mtu mpole asiyependa sifa. Tangu hapo akaitwa Bibi Curie. Walijaliwa watoto wawili wa kike, Irène na Ève.

Siku zile mtaalamu mwingine, Henri Becquerel, alikuwa amegundua kwamba uraniamu hutoa miale isiyoonekana kwa macho. Bibi Curie akachunguza mawe mengi, moja moja. Akaona ajabu: mawe mengine yalitoa miale kupita kiasi cha uraniamu iliyokuwamo. Akawaza kwamba lazima kuna kitu kingine ndani yake. Mwaka 1898 yeye na mumewe walitangaza vitu viwili vipya. Cha kwanza walikiita poloniamu, kwa heshima ya nchi ya Polandi. Cha pili walikiita radiamu.

Kutangaza ni rahisi. Kuonyesha ndiyo kazi. Walipewa banda bovu lililovuja mvua, ambamo zamani wanafunzi wa uganga walipasua maiti. Hapo Bibi Curie alichemsha masazo ya mawe kwa magunia, akikoroga sufuria kubwa kwa fimbo ya chuma iliyokaribia kimo chake. Moshi ulimchoma macho. Hivyo kwa miaka minne. Mwaka 1902, kutoka tani nzima za mawe, alipata sehemu moja ya kumi ya gramu. Usiku waliingia wote wawili bandani bila taa, wakaviona vichupa vyao vikitoa nuru ya samawati gizani. Hawakujua bado kwamba nuru ile ilikuwa na sumu.

Pierre Curie alitaka kujua radiamu hufanya nini mwilini. Akajifunga radiamu mkononi kwa saa kumi. Ngozi ikawa nyekundu kana kwamba imeungua, kisha ikatoka kidonda, kisipone ila baada ya majuma mengi. Waganga wa Paris wakafikiri hivi: kama kitu hiki chaweza kuua nyama nzima, labda chaweza pia kuua nyama mbaya ya kansa. Wakajaribu, na uvimbe mwingine ukanywea.

Inafaa tueleze jambo hili, maana katika vijiji vyetu kansa husingiziwa ulozi. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo mno, kama nyumba iliyojengwa kwa matofali. Chembe hizo huzaliana kwa kiasi, ili kuponya jeraha au kukuza mtoto. Katika kansa, chembe fulani huacha kutii kipimo. Huzaliana bila kukoma, hufanya uvimbe, hula nyama iliyo jirani, na mwisho husafiri katika mwili wote. Miale ya radiamu huumiza hasa chembe zinazozaliana kwa haraka. Kwa hiyo hupiga kansa kuliko nyama nzima. Lakini nyama nzima nayo haisalimiki kabisa. Hapo ndipo ilipo shida yote ya tiba hii. Dawa ni ileile inayodhuru. Yote yategemea mkono wa anayeitumia, na mkono huo lazima ufundishwe.

Mwaka 1903 Pierre na Marie Curie, pamoja na Becquerel, walipewa tuzo ya Nobel. Wangaliweza kuwa matajiri sana kama wangalidai malipo kwa njia yao ya kutengeneza radiamu. Walikataa. Waliona kwamba elimu hiyo ni ya watu wote, hasa kwa kuwa inawafaa wagonjwa. Mwaka 1906 Pierre aligongwa na gari la farasi barabarani, akafa papo hapo. Mjane alishika nafasi yake ya kufundisha, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha katika Sorbonne. Mwaka 1911 alipewa tuzo ya Nobel mara ya pili.

Sasa twafika kwenye vita kuu vya mwaka 1914. Askari walikuwa wakifa kwa sababu waganga hawakujua risasi imekaa wapi mwilini. Mashine za eksirei, zinazopiga picha ya ndani ya mwili, zilikuwako, lakini zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa katika miji mikubwa, mbali na majeruhi. Bibi Curie aliomba motokaa kwa wanawake matajiri wa Paris. Akatia ndani yake mashine ya eksirei na dinamo iliyozungushwa na injini ya gari lenyewe. Akajifunza kuendesha. Akaenda mwenyewe mpaka karibu na mapigano, pamoja na binti yake Irène, ambaye hakuwa ametimiza miaka ishirini. Alisaidia kupata motokaa 20 za namna hiyo, na kuweka vyumba vya eksirei 200 katika hospitali mbalimbali. Alifika mpaka sehemu ndogo ya Ubelgiji iliyosalia huru. Karibu na hapo, katika hospitali ya De Panne, Malkia Elisabeth wa Ubelgiji aliwatumikia majeruhi. Ni yeye ambaye mji wa Lubumbashi uliitwa kwa jina lake, Elisabethville, mpaka mwaka 1966.

Lakini mashine haijiendeshi yenyewe. Mara nyingi Bibi Curie aliweka chombo kizuri hospitalini, halafu hakuna mtu wa kukishika. Waganga walikuwa na kazi nyingi ya kupasua. Wengine hawakuiamini eksirei, wakakata nyama kwa kubahatisha huku mashine i karibu. Basi mwaka 1916 aliamua kufundisha wanawake. Hakuchagua wasomi tu. Walikuja wauguzi, walikuja mabibi wa nyumba kubwa, walikuja pia watumishi wa nyumbani waliosoma kidogo tu. Watu wengi walidhani kwamba haiwezekani. Umeme, hesabu, viungo vya mwili: mambo hayo yataingiaje katika kichwa cha mtumishi aliyezoea kutandika vitanda?

Yaliingia. Mafunzo yalichukua majuma machache tu, na Bibi Curie alifundisha mwenyewe, akisaidiwa na Irène. Waliambiwa umeme ni nini, lakini mara walipewa nyaya mikononi waunganishe. Walijifunza mifupa na viungo, ili wajue wanachokitazama. Walijifunza kumlaza mgonjwa bila kumwongezea maumivu, kusafisha picha, kutambua kasoro ya mashine na kuitengeneza, maana kwenye vita hakuna fundi wa kuitwa. Aliyeshindwa kuelewa aliendelea kuelezwa. Wale waliomjua Bibi Curie walisema kwamba alikuwa mkimya na mkavu mbele ya wakubwa, lakini kwa wanafunzi hao waliotishwa na maneno ya elimu alikuwa na subira nyingi. Mpaka mwisho wa vita wanawake 150 hivi walikwisha kufundishwa, wakapelekwa mahospitalini. Kwa vyumba vile na motokaa zile, majeruhi zaidi ya milioni moja walichunguzwa.

Wakati huohuo alifanya kazi nyingine asiyompa mtu. Radiamu hutoa hewa fulani yenye miale ileile. Bibi Curie aliikusanya hewa hiyo, akaitia katika vibomba vyembamba vya kioo, akavifunga, akavipeleka hospitalini ili viwekwe kwenye makovu na vidonda vigumu. Alijua sasa kwamba kazi hii ni ya hatari. Akaifanya.

Vita vilipokwisha mwaka 1918, kilichobaki ni adui wa zamani, kansa. Katika Paris kulikuwa na Chuo cha Radiamu chenye nyumba mbili. Katika moja Bibi Curie alichunguza radiamu na kuipima. Katika nyingine mganga Claudius Regaud alichunguza jinsi miale inavyofanya kazi mwilini. Regaud alifahamu jambo kubwa: afadhali kumpa mgonjwa miale kidogo kidogo kwa siku nyingi kuliko kumpa yote kwa mara moja. Hivyo nyama nzima hupata nafasi ya kujiponya kati ya siku na siku, nayo kansa huzidi kuchoka. Njia hiyo yafuatwa mpaka leo. Mwaka 1920 liliundwa Shirika la Curie ili kutibu wagonjwa, na waganga wa nchi nyingi walikuja kujifunza hapo. Kati ya mwaka 1919 na 1935 walitibiwa wagonjwa zaidi ya 8,000.

Kipimo kilikuwa shabaha ya mafundisho hayo. Mganga asiyejua vibomba vyake vina radiamu kiasi gani, wala vimekaa mwilini saa ngapi, aweza kumwunguza mgonjwa, au kumwacha na kansa yake. Kwa sababu hiyo kila kibomba kilipimwa katika nyumba ya Bibi Curie na kuandikiwa hati. Na muuguzi alikuwa na sehemu yake: kuangalia saa, kuhesabu vibomba kabla na baada, kuvishika kwa koleo wala si kwa vidole, kutovisahau katika bendeji zinazotupwa.

Radiamu ilikuwa ghali kabisa. Mwaka 1921 gramu moja ilinunuliwa kwa dola 100,000, nazo zilichangwa na wanawake wa Marekani, wakampa Bibi Curie kwa mkono wa Rais Harding. Halafu mawe ya Shinkolobwe yakaingia sokoni. Yalikuwa na uraniamu nyingi kuliko mawe ya Amerika, hata viwanda vya huko vikafungwa, na bei ikashuka. Mwaka 1929 wanawake hao walichanga tena, safari hii dola 50,000, kwa ajili ya hospitali ya kansa ambayo Bibi Curie alitaka kuijenga Warsaw. Radiamu ikanunuliwa Ubelgiji, nayo Ubelgiji iliitoa katika mawe ya Katanga. Hospitali ikafunguliwa mwaka 1932, na mkubwa wake akawa Bronya, yule dada wa zamani. Mchimbaji wa Shinkolobwe aliyeinama juu ya gunia lake hakuambiwa kamwe kwamba jiwe lile lingelazwa juu ya uvimbe wa mwanamke wa Warsaw. Wala hakuambiwa kwamba vumbi lake lina madhara. Haki ingalitaka aambiwe yote mawili.

Hatari hiyo ilikuwa imejulikana polepole. Vidole vya Bibi Curie vilikuwa vimeungua na kukakamaa. Macho yake yaliingia mtoto wa jicho, akapasuliwa mara nyingi, naye alificha upofu wake ili asiachishwe kazi. Wafanyakazi wake aliwaamuru wapimwe damu, watumie ngao za madini ya risasi, watoke nje kupunga hewa. Yeye mwenyewe alisahau amri zake. Katika jambo hili hatuwezi kumsifu. Mwalimu akishika sumu kwa mkono mtupu, wanafunzi huona mkono kuliko kusikia neno, na baadhi ya waliofanya kazi na radiamu katika miaka ile walikufa mapema.

Mwaka 1934 homa ilimshika asipone. Waganga walidhani ni kifua kikuu, wakampeleka milimani, Sancellemoz. Huko wakaona kwamba damu yake imeharibika: uboto wa mifupa, ambamo damu hutengenezwa, ulikuwa umechoka kwa miale ya miaka mingi. Alikufa tarehe 4 Julai 1934, mwenye umri wa miaka 66. Alizikwa Sceaux, karibu na mumewe, nao ndugu zake waliofika kutoka Polandi walitupa kaburini udongo kidogo wa nchi yao. Irène, aliyekuwa naye katika motokaa za vita, alipata tuzo ya Nobel mwaka 1935; naye akafa mwaka 1956 kwa kansa ya damu.

Mawe ya Shinkolobwe yalitumika baadaye kwa kazi nyingine. Uraniamu yake iliingia katika mabomu ya Amerika ya mwaka 1945, na watu wengi sana wa Japani waliteketea. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Hata hivyo watu maskini walirudi kuchimba kwa majembe, na mwaka 2004 ardhi iliwaporomokea, wengine wakafa.

Hospitali za leo zimeiacha radiamu. Hutumia mashine za umeme, au kobalti iliyotiwa nguvu ya miale katika tanuri za atomu. Mashine hizo nazo hazitoshi kama hakuna mafundi na wauguzi waliofundishwa. Mwaka 2016 mashine ya kobalti ya Mulago, kule Kampala, iliharibika. Ilikuwa moja tu katika Uganda nzima, na wagonjwa wengi wakangoja au wakapelekwa Nairobi, mpaka ikaletwa nyingine. Na bado wengi hufika hospitalini wamechelewa. Mwanamke akiona uvimbe katika ziwa, au damu inayomtoka isiyo ya kawaida, au mtu ye yote akiwa na kidonda kisichopona kwa majuma mengi, asingoje maumivu ndipo aende. Mwanzoni kansa mara nyingi haiumi.

Madaftari ya Bibi Curie yamewekwa Paris katika masanduku ya madini ya risasi. Karatasi zake zingali zatoa miale, nayo haitapungua hata nusu kwa muda wa miaka 1,600. Anayetaka kuyasoma huvaa nguo za kujikinga, na kwanza hutia sahihi kwamba ameonywa.